Alichafua Mto Yeye, Nikapiga Magoti Mimi

Admin, ficha jina langu na hata la kijiji, maana huku milimani siku hizi kila mtu ana simu na umbea hauchelewi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na sita. Nimezaliwa Iringa, nimeolewa huku Mbeya, kwenye baridi ya viazi na pareto. Mume wangu yuko Ubaruku kwenye mashine ya kukoboa mpunga, anarudi mara mojamoja. Ninayetaka kuwaambia habari zake ni kaka yake mkubwa, shemeji yangu. Nina hasira naye mpaka chakula hakipiti.

Shemeji anafuga trauti, wale samaki wa maji baridi. Ana mabwawa na chumba cha kutotolesha mayai, na wageni wa mahoteli wanamfuata hapohapo. Maji yake yanatoka kwenye mfereji wa kijiji, yakishapita kwenye mabwawa yanarudi mtoni. Chini yake ndipo lilipo shamba langu la viazi, na pembeni nilichimba kibwawa changu kinachopata maji ya mto huo, nikanunua vifaranga vya samaki kwake yeye mwenyewe. Chini yangu ndiko kijiji kizima kinakochota maji ya kunywa.

Asubuhi moja nilikuta vifaranga wangu wote wako juu ya maji, wengine wanahema midomo wazi, wengine wameshageuka tumbo. Maji yalikuwa na harufu kali ya kuchoma macho. Nililia kama nimefiwa. Kabla ya mchana huko chini nako kelele zilianza, watoto wanaumwa matumbo, mama mmoja ndama wake kaanguka. Kikaitwa kikao.

Kwenye kikao shemeji ndiye aliyesimama wa kwanza. Ni mzee wa kanisa, akiongea watu wanatulia. Akasema, "Jamani, jana huyu shemeji yangu alikuwa anapiga dawa viazi vyake. Mnajua wenyewe tabia yetu ya kuoshea mabomba ya dawa mtoni." Watu wote wakanigeukia. Ni kweli karibu kila mtu huku akimaliza kupiga dawa anasuuza bomba lake mtoni na hakuna anayeona vibaya. Lakini mimi bomba langu naoshea shambani, kwa sababu nina samaki. Nilisema hivyo, nikaapa. Mama mmoja akanikata, "Wewe mtu wa kuja, nyamaza, utatumalizia watoto!"

Nilimpigia mume wangu simu nikitegemea anitetee. Akaniambia, "Mama Neema, omba tu msamaha yaishe, yule ni kaka yangu." Basi nikatoa mbuzi na pombe kwa wazee kama desturi inavyotaka, nikapiga magoti mbele ya watu, nikaomba msamaha kwa kitu ambacho sikukifanya. Na shemeji ndiye aliyepokea ile kamba ya mbuzi kwa niaba ya ukoo. Tangu hapo nikifika mtoni wanawake wanasogeza ndoo zao. Kwenye msiba nilipika ugali ukarudi jikoni haujaguswa. Binti yangu shuleni wanamwita mtoto wa sumu.

Sasa sikieni. Juzi nilipanda mlimani, juu ya mabwawa yake, kuchuma mboga. Nikamwona shemeji amevaa gloves na buti, anamwaga maji ya kwenye matangi ya mayai moja kwa moja mtoni. Ile harufu ikanipiga puani, ileile ya siku ile. Nikateremka mbio nikamuuliza, "Shemeji, ni nini hicho?" Akasema ni dawa ya kuzuia ukungu kwenye mayai ya samaki. Nikamwambia, "Kwa hiyo siku ile ulijua?" Hakuona hata aibu. Akanijibu, "Nilijua, shemeji. Siku ile dawa ilizidi. Ila mimi nikianguka ukoo mzima umeanguka. Wewe ni mwanamke wa kuolewa, watu watasahau." Kisha akaniuliza kama nitachukua samaki wa mboga.

Nikimpeleka kwenye kikao nani ataniamini, wakati nimeshakiri kwa magoti? Mume nimemweleza, kasema nisimtie aibu. Ndiyo maana nimeamua kwamba dawa ya moto ni moto.

Huku kwetu kila kaya ina zamu yake ya kulinda mfereji, kusafisha majani na kugawa maji. Jumatatu naanza mimi. Pale maji yanapogawanyika, njia ya kwenda kwa shemeji inazibika kwa bonge moja tu la udongo wenye majani. Bustani za watu zitapata maji kama kawaida. Sitatia sumu, mimi si yeye. Ila trauti bila maji yanayotembea hawafiki mbali, na sasa hivi ana mayai yanayokaribia kutotolewa na samaki wakubwa wa kuuza. Nikiwafikiria wanavyohema midomo wazi na yeye amesimama pale na buti zake, nawaambia ukweli, moyo wangu unatulia.

Kinachonishika mkono ni mama mkwe. Yeye peke yake katika kijiji hiki bado anakuja kwangu, anakaa, anakunywa chai yangu. Ana maradhi ya moyo, na pesa ya dawa zake inatoka kwenye samaki haohao. Nikimuulia shemeji biashara, nitakuwa nimemgusa na bibi wa watu.

Ndugu zangu, nishaurini, Jumatatu nikiwa pale kwenye mfereji nifanye nini? Na wewe unayetaka kuniandikia nimsamehe, niambie kwanza: ameniomba lini?