Bendera Ilitangulia Jina

Mtu akiidharau programu yangu, mimi damu inachemka. Katibu wa ghala la salfa, dawa ya ugonjwa wa ubwiri wa mikorosho, pale Milola alisema, "Hiki kitoto kimejifunzia kwenye simu, kitatuaibisha mbele ya wakulima." Ningemkunja, ila dada yangu, karani wa ghala, aliniwahi. Akamwambia, "Ikikosea, katibu, funguo za ghala nakurudishia." Basi, kazi ya dada ikawa mikononi mwangu.

Programu yenyewe, ya kuita wakulima siku ya mgao wa salfa, ilikuwa na nyuzi mbili, yaani kazi mbili zinazokimbia pamoja ndani ya tableti ya ghala. Uzi wa kwanza unaandika jina la mkulima, halafu unainua bendera: jina tayari. Wa pili ukiona bendera, unasoma jina, spika inaita. Bendera niliifanya ya atomiki, haiwezi kukutwa imeinuka nusu. Nikajua nimemaliza. Kwenye laptop niliijaribu wiki nzima, haikukosea hata mara moja.

Majina ya msimu uliopita sikuyafuta. Ya nini, na mapya yanaandikwa juu yake?

Siku ya mgao uwanja wa ghala umefurika, spika ikamwita mzee tuliyemzika mwezi wa Ramadhani.

Mjane wake kasimama pale pale, kaja kuandikishwa kwenye nafasi ya mumewe. Mara mtani wa marehemu, bibi mmoja mwembamba, akapenya kwenye watu.

"Nipo! Kanituma mimi! Anasema huko mikorosho imeshikwa na ubwiri, nipeni mifuko yake!" Akamgeukia mjane. "Na wewe, ungekuwa unampikia vizuri angekuja mwenyewe!"

"Beba, mtani," mjane akajibu. "Mpelekee leo leo, na usirudi!"

Mtani kwetu anatania hata kaburini, hakuna wa kumkasirikia. Uwanja mzima ukavunjika mbavu, mjane akacheka mpaka akafuta machozi kwa leso.

Katibu hakucheka. "Karani, funguo."

Dada akaanza kuzifungua kwenye pindo la khanga. Nikaruka katikati. "Katibu, nipe dakika kumi! Kosa ni langu, nifukuze mimi!"

Nikaketi juu ya mifuko na laptop yangu, jasho linanitoka. Kumbe atomiki ina viwango vya kupanga mambo, na mimi nilichagua kile legelege kwa sababu nilisoma kina kasi. Kasi ya nini, kuita watu arobaini? Prosesa ya laptop huwa inafuata mpangilio; ya tableti ina haraka zake, bendera inaonekana juu wakati jina jipya bado liko njiani, basi linasomwa la msimu uliopita. Nikabadilisha maneno mawili tu: uzi wa kwanza usiinue bendera kabla jina halijaonekana, wa pili usiguse jina kabla haujaiona bendera.

Spika ikamwita mjane kwa jina lake. Ikaita na waliofuata, wote wazima.

Katibu akamwambia dada, "Funguo kaa nazo. Lakini huyu mdogo wako asimame mlangoni. Ikiita maiti tena, aende yeye kumleta."

Nikafungua mdomo nimjibu. Dada akanikanyaga mguu kwa nguvu zake zote, nikasimama mlangoni mpaka mfuko wa mwisho.