Meza ya Jumamosi

Mtaani walimwita Bi Laini. Kazi yake ilikuwa kupiga msasa fanicha za watu kwenye chumba cha uani, na kwake hapakukaliwa na mwingine ila yeye na vumbi la mbao.

Jumatatu shemeji yake alileta meza kwenye mkokoteni. Kaka wa mwanamume huyo, aliyekuwa mume wa Bi Laini, alishamwacha miaka mingi iliyopita, lakini mdogo mtu hakuacha kumwita shemeji.

"Binti anaolewa Jumamosi," alisema. "Baba yake anataka meza ing'ae."

Bi Laini aliitambua meza: ndiyo iliyokuwa ya chakula nyumbani kwake zamani. Binti huyo hakumzaa, ila alimlea tangu hajaota meno. Talaka ilipotoka mtoto akamfuata baba yake. Simu zikapungua, zikapungua, zikakatika.

"Ningekualika," shemeji alisema akiangalia viatu vyake, "ila nyumba si yangu."

"Najua, shemeji. Iweke pale ukutani."

Vanishi ya zamani ilikuwa nene, akaanza na diski ya msasa namba themanini, yenye punje kubwa za kukwaruza. Aliibandika kwa uangalifu, matundu yake yakae sawa na matundu ya mashine ya kusugulia, la sivyo vumbi halifyonzwi na diski huziba upesi. Akaiacha mashine itembee kwa uzito wake. Vanishi ilipoisha akabandika mia na ishirini, yenye punje ndogo zaidi.

Pembeni alikuta vitundu vya uma. Hapo ndipo binti alipokuwa akikaa, akiidunga meza kila alipogoma kula. Namba mia na ishirini haikuviondoa. Angerudi kwenye themanini, kama alivyowafundisha wengi, lakini siku hiyo alikandamiza. Akaegemea mashine palepale mpaka akasikia harufu ya mbao kuungua. Alipoinua, vitundu vimeondoka na pamebonyea kama kisahani.

"Umeyataka mwenyewe," alijiambia.

Ikabidi arudie themanini meza nzima ili uso uwe sawa, kisha mia na ishirini, kisha mia na themanini. Baada ya kila diski alifuta vumbi, asije akaburuza punje kubwa chini ya ndogo. Mwisho akafumba macho, akapitisha kiganja. Kote sawasawa. Pale palipokuwa na vitundu hakupapata tena, akabaki anapapasa.

Akapaka vanishi. Alhamisi shemeji akaja kuichukua.

"Nimwambie nini binti?"

Bi Laini alifikiri kidogo. "Mwambie asiweke sufuria la moto juu yake mpaka vanishi ikomae."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Jumamosi alioga mapema, akavaa gauni lake zuri, akakaa kitandani simu ikiwa mapajani. Kufika adhuhuri haikuwa imelia. Akalivua gauni, akalikunja, akavaa nguo za kazi, akaenda kuwasha mashine juu ya mlango ambao jirani aliuleta kupigwa msasa.