Gazeti Lisilopakwa Nta

Zefania Kitundu wa Itigi amerina asali tangu hajaota ndevu, lakini ukimuuliza kazi yake atakwambia yeye ni mkulima. Ndivyo alivyo. Shamba lake la alizeti linashindana na magugu mwaka hadi mwaka, na mara nyingi magugu ndiyo yanashinda, ila mizinga yake huko porini anaijua mmoja mmoja, na mingine kaipa majina. Ni mzee mrefu, mkavu, asiye na maneno mengi. Akiwa na jambo moyoni hasemi. Anachukua ufagio na kufagia uwanja. Mkewe Rebeka, enzi za uhai wake, alikuwa akiwaambia majirani kwamba wakiona uwanja wa Zefania umetakata kupita kiasi wasiingie, ndani hakukaliki.

Jumamosi hiyo uwanja ulikuwa umetakata mpaka kuku walikuwa wanashangaa. Binti yake Loyce alikuwa njiani kutoka Dodoma, anakouza katika duka la dawa, na alikuwa anakuja kwa ajili ya magazeti ya Deo.

Hapa inabidi nieleze, maana hata Zefania mwenyewe alielezwa mara tatu kwenye simu kabla hajaelewa. Kuna watu, huko Marekani, kazi yao ni kukagua magazeti ya katuni ya zamani na kuyapa alama. Naam, alama, kama mtihani. Gazeti lisilo na doa hata moja linapata kumi, na linashuka kutoka hapo kadiri lilivyochakaa. Wakishalipa alama wanalifungia ndani ya kasha gumu la plastiki inayoonyesha ndani, halifunguliwi tena, na juu ya kasha wanaweka lebo: jina la gazeti, alama yake, na wakiombwa, jina la mtu aliyelikusanya. Sisi wengine hata darasani alama zilitupita mbali, na magazeti yanapata. Haya, dunia ndiyo hiyo. Loyce alizipata habari hizi kwa Benson, kijana wa Dodoma anayetafuta magazeti ya zamani na kuyapeleka huko kwa mafungu, na Benson alimwambia fungu linalofuata lina nafasi.

Zefania hakujali alama. Alichokisikia yeye ni lebo.

Deo alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alikwenda machimbo ya dhahabu akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwaka mvua zilipozidi, na shimo likatitia naye akiwa chini. Wenzake walichimba mpaka maji yakawashinda nguvu. Mchungaji akasali juu ya tope, watu wakavaa viatu vyao, wakarudi makwao. Matanga yalikaliwa Itigi bila maiti. Kwa hiyo Deo hana kaburi, na asiye na kaburi hana msalaba, na hapa duniani hakuna jiwe wala mti wala ubao ulioandikwa jina lake. Baba yake amelala na jambo hilo na kuamka nalo kwa miaka ishirini. Sasa anaambiwa kuna mahali jina la Deo linaweza kuandikwa, likafungiwa ndani ya kitu kisicholiwa na mchwa, likabaki hata yeye Zefania akishaondoka. Angekataaje?

Alichoacha Deo ni sanduku moja la bati lililojaa matoleo ya Fundi Mbilimbi. Huyo alikuwa fundi wa kwenye katuni, fundi wa kila kitu, redio, saa, baiskeli, na kila alichokitia mkono kilizidi kuharibika. Deo alikuwa akiyanunua stesheni, kwa wachuuzi waliokuwa wakishuka na treni ya Dar, kisha jioni anamsomea baba yake, ambaye shule aliiaga mapema. Zefania alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Baada ya msiba hakuna aliyemsomea tena, lakini sanduku alilitunza yeye mwenyewe kwa mikono yake, na kama kuna mtu wilaya nzima aliyengojea ukaguzi bila wasiwasi, alikuwa yeye. Alijua magazeti yale hayajaguswa na mchwa, panya wala tone la mvua.

Loyce alishuka kwenye bodaboda saa nne asubuhi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Za safari?"

"Salama. Baba, umekonda."

"Nimezeeka. Ingia, uji upo."

Uji aliunywa amesimama. Kisha akanawa mikono kwa sabuni, akaikausha, akaipepea hewani, akaikausha tena. Akavua pete. Akatandika shuka jeupe juu ya meza na kuisogeza meza dirishani.

"Unampasua mtu?" Zefania aliuliza.

Loyce alicheka. "Benson kaniambia mkono ukiwa na jasho au mafuta unaacha alama. Na gazeti linaangaliwa mwanga ukitokea ubavuni, ndiyo mikunjo inaonekana." Akaeleza anachokitafuta: mgongo wa gazeti kama umevunjika, pini kama zina kutu, pembe kama zimekunjamana, kurasa kama zimetimia. "Makosa hayo yanapunguza alama tu. Kosa lisilosameheka ni kuongeza kitu. Gundi, rangi, utepe, chochote. Wakikuta kitu kimeongezwa wanaandika kwenye lebo kwamba limechezewa, na Benson hayachukui kabisa ya namna hiyo."

"Nani alichezee gazeti la marehemu?" Zefania alisema, akavuta kiti akakaa karibu, mikono magotini.

Loyce akafungua sanduku. Harufu ya asali ikatoka kama vile mtu kafungua mzinga. Alichukua gazeti la juu, akaligeuza kwenye mwanga, na Zefania akauona uso wake ukibadilika. Jalada lilikuwa la manjano iliyoiva, karatasi imekuwa nyepesi hata maandishi ya ukurasa wa ndani yanaonekana kwa nje.

"Baba, hii ni nini?"

"Nta," Zefania alisema kwa fahari. "Nta safi ya msimu. Kila nikirina nachemsha masega, nachuja, napaka. Mchwa hasogei hapo. Maji yakimwagika yanateleza."

Loyce alilifungua taratibu. Kurasa zilikuwa zimeshikana, na zilipoachana rangi ya jalada ilibaki upande wa pili. Uso wa Fundi Mbilimbi umenyofoka pua. Alilifunga. Akachukua la pili. Akachukua la tatu. Alikuwa anayaweka upande wa kushoto, yote upande wa kushoto, na upande wa kulia shuka lilibaki jeupe.

"Toleo la kwanza liko wapi?" aliuliza mwishowe, sauti imepungua.

"Hilo hapo kwenye kitambaa. Hilo nalipaka mara mbili kwa mwaka, maana alilipenda kuliko yote."

Toleo la kwanza halikufunguka. Lilikuwa limekuwa kitu kimoja, gumu, kama kipande cha sabuni. Loyce alilishika muda mrefu, akijifanya anatazama pini.

Zefania si mtu wa kudanganywa na uso. Amekaa na nyuki miaka yote hiyo, anajua kundi limechukia kabla halijaruka. "Kuna nini?"

"Yamezeeka tu, baba."

"Loyce. Nimekuuliza."

Binti aliketi. "Ni nta. Karatasi imeinywa, ndiyo maana imekuwa hivi. Hayatapokelewa hata moja. Wataona yamechezewa." Akaharakisha kuongeza: "Hukujua, baba. Hata mimi ningekuwa sijui."

Zefania aliyatazama magazeti upande wa kushoto. Hivyo katika sanduku lile hamkuwa na mwizi, panya wala mvua. Alikuwamo yeye, mwaka baada ya mwaka, na vidole vyake, akimfuta mtoto wake kidogo kidogo huku akidhani anamtunza. Uchungu ulimpanda mpaka masikioni. Alitamani ufagio.

"Kwa nini nta lakini?" Loyce aliuliza kwa upole. "Si ungeyafunga kwenye nailoni yakatulia?"

Mzee alijibu akiangalia dirisha. "Mzinga ukihamwa na nyuki, unaupaka nta ndani, unauning'iniza palepale, unauacha. Wakiisikia harufu, wakati mwingine wanarudi."

Jambo hilo hakuwahi kumwambia mtu, wala mkewe, wala nafsi yake mwenyewe. Miaka yote alisema ni kwa ajili ya mchwa. Alipolisikia likitoka kinywani mwake aliona aibu, mtu mzima na mvi zake, na Loyce akaweka mkono juu ya mkono wake, ule mkono aliokuwa kauosha kwa uangalifu wote ule. Walikaa hivyo. Nje jogoo wa jirani aliwika saa isiyo yake.

Baada ya muda Loyce alifuta macho, akarudi sandukuni ili ayapange magazeti yalivyokuwa. Chini kabisa mkono wake ukagusa nailoni.

"Na hili?"

"Hilo liko hivyo tu," Zefania alisema. "Huwa naliweka pembeni nikiwa napaka, halafu nalirudisha."

Loyce alilitoa kwenye nailoni, akalilaza kwenye shuka, akainama. Mgongo ulikuwa mnyoofu. Pini zilikuwa zinang'aa. Pembe zote nne zilikuwa kali, na rangi nyekundu ya kofia ya Fundi Mbilimbi ilikuwa mbichi kama siku ya stesheni. Alihesabu kurasa kwa ncha ya kidole, bila kulifungua sana. Zilitimia.

"Baba! Hili zima! Tazama, zima kabisa!"

Zefania alisimama. Loyce alikuwa anacheka, anapiga picha mbele na nyuma, anamtumia Benson, anasema moja linatosha, jina linaandikwa hata kwenye moja. Kisha kicheko kikakatika. Alilishika tena gazeti, akaangalia namba ya toleo, akalivuta lile lenye namba hiyohiyo kutoka upande wa kushoto, la manjano, lililoshikana. Yalikuwa mawili.

"Hili ni langu," alisema. "Tuligombania la kwake mpaka mama akatuchapa wote. Deo akaenda stesheni akaninunulia la kwangu." Akainua macho. "Haya yote umeyapaka. Hili langu hukulipaka."

Zefania angeweza kusema amesahau, lakini huwezi kusahau kitu unachokitoa na kukirudisha kwa miaka ishirini.

"Lilikuwa lako," alisema.

Na hapo palikuwa na kila kitu, wala Loyce hakuhitaji maelezo. Alikuwa na miaka kumi na minne kaka yake alipofukiwa. Siku ya mahafali yake ya kidato cha nne baba alikuwa porini. Siku aliyopata kazi Dodoma alipiga simu, na baba alimsikiliza, akamwambia vizuri, kisha akamwambia kwamba siku kama hiyo Deo alikuwa anapenda kula kuku. Hakuna aliyemtesa, hakuna aliyemnyima chakula wala ada. Aliwekwa pembeni tu, huku mwenzake akipakwa nta, kisha akarudishwa.

Simu iliita. Loyce aliipokea, akaiweka mezani kwa sauti ya juu.

"Dada Loyce, nimeona picha," Benson alisema, furaha tele. "Hilo linakwenda bila shida, na nakwambia litapata alama nzuri. Haya, kwenye lebo, mkusanyiko wa nani? Niandike jina gani?"

Loyce alimtazama baba yake. Hakumuomba, hakumlaumu, alingoja tu, na uso wake ulikuwa kama uso wa yule mtoto wa miaka kumi na minne aliyekuwa akisimama mlangoni jioni kungoja baba amalize kulia.

Zefania alilijua jibu. Lazima niseme hivyo, maana nisingependa mtu amdhanie mzee huyu hana akili. Aliliona jina la binti yake mbele yake wazi kabisa, na aliona kwamba gazeti ni lake, na aliona kwamba ni yeye aliye hai, aliyekuja kwa basi na kunawa mikono. Alifungua mdomo alitamke.

"Deo," alisema. "Andika Deo Kitundu."

"Deo Kitundu," Benson alirudia. "Sawa, dada?"

"Sawa," Loyce alisema. "Andika hivyo."

Alikata simu, akalirudisha gazeti kwenye nailoni, akalifunga ndani ya shuka aondoke nalo. Zefania alisimama palepale. Alitaka kusema ampigie tena, alitaka hivyo kwa moyo wake wote, na neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini kulisema kungekuwa kumrudisha Deo shimoni kwa mkono wake, na hilo hakuliweza.

"Basi la mchana ninaliwahi," Loyce alisema, akivaa pete yake. "Kesho naingia kazini asubuhi."

"Hukai ule?"

"Siku nyingine, baba."

Alimsindikiza mpaka barabarani, na bodaboda ikatimua vumbi. Aliporudi uwanjani alichukua ufagio, akaanza kufagia, na alipofika mahali nyayo za Loyce zilipokuwa zimeingia na kutoka, alisimama. Alizizunguka. Alifagia pembeni yake pande zote, mpaka giza lilipoingia, na zile nyayo akaziacha.