Kiti cha Nyuma cha Gari la Baba

Wiki jana, karibu na Soko la Burma, niliona gari jeusi la kifahari, kuukuu, kama lile alilonunua baba. Kwa miaka mingi baba alikuwa dereva wa mkurugenzi mmoja. Gari lilipozeeka, mkurugenzi alimuuzia kwa bei ya chini, naye akalileta nyumbani Shauri Moyo Jumamosi alasiri. Ndani lilinukia ngozi na mafuta ya nywele.

Baba alimfungulia mama mlango wa nyuma, kama alivyomfungulia bosi wake.

"Karibu, madam."

Mama, aliyezoea kwenda Gikomba kwa miguu kuuza mboga, aliketi akiwa ameshika leso yake. Mimi kando yake niliamini kwamba sasa yeye ndiye mkurugenzi.

Tulipofika Makadara alimgusa baba begani. "Baba Mueni, simama kidogo."

Akashuka, akahamia mbele. Nililia, nikidhani amefutwa kazi. Sikujua kwamba mtu anaweza kuacha kiti kikubwa kwa hiari yake.

"Mbona umetoka huko?" baba akauliza.

"Huko nyuma sikuoni uso."

Baba alituzungusha Barabara ya Jogoo polepole, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akiimba kwa Kikamba.