Nilivyojifanya Mnunuzi wa Mbuzi Kakuma

Kazi yangu Lodwar ni kupima kama habari za wezi wa mifugo zinatufikia mapema. Juzi nikaenda Kakuma kuwajaribu watoa habari wetu, nikijifanya mnunuzi wa mbuzi. Nilivaa shuka, nikashika fimbo, nikajiona mfugaji kamili. Sokoni nikamshika mbuzi mmoja mnene.

“Ejok, mama,” nikamsalimu muuzaji kwa Kiturkana. “Huyu anatoa maziwa mengi?”

Alinitazama kwa huruma. “Ejok. Huyo ni beberu.”

Nikakimbilia hotelini kuficha aibu. Kabla chai haijapoa, simu yangu ikaita. Ilikuwa tahadhari kutoka ofisini kwetu wenyewe: “Kakuma kuna mgeni mwenye shuka, anaulizia maziwa ya beberu. Huenda ni mpelelezi wa wezi.”

Nilipoinua macho, polisi walikuwa mlangoni. Moyoni nikaupa mfumo wetu alama zote.