Neno Mali na Konde la Mama

Harufu ya karanga zilizong'olewa asubuhi, udongo mbichi ukiwa bado umeshika mizizi, ndiyo Lusangi, kijiji chetu, niliyotoka nayo. Nilikuwa msichana wa miaka kama tisa, wakati wa Wabelgiji, na kila nyumba ililazimishwa kulima pamba. Nyumbani tulisema Kibangubangu, sokoni Kiswahili. Neno mali, Baba alituambia, lilikuja na wafanyabiashara wa pwani waliokaa Kasongo, nao walilipata kwa Waarabu. Kwa babu zake lilikuwa jina la vitu vya kubebeka: nguo, shanga, pembe za ndovu. Baadaye hata mbuzi wa kuolea wakaitwa mali. Ardhi haikuitwa hivyo. Mtu alikaa nayo, akailima, akaipumzisha, akawaachia wanawe.

Msimu ule Mama alikuwa na konde kando ya kijito, lililopumzika miaka mitatu mpaka udongo ukawa mweusi. Mbegu za karanga zilikuwa tayari chunguni. Ndizo zingetulisha hadi mpunga uive. Lakini kwetu haikufaa mtu kujitaja kuwa mwenye shamba linalopumzika. Ilikuwa kama kuwafukuza waliokuzaa. Basi akaja moniteri wa kilimo, aliyetumwa na serikali kutafuta mashamba yasiyo na mwenyewe yatiwe pamba, kijana wa Kasongo mwenye kofia ngumu, pamoja na watu wawili wa kushika kamba ya kupimia.

"Mama, hii shamba iko mali ya nani?"

"Iko ya wazee."

"Wazee gani? Waite basi."

"Walishakufa, mwanangu."

Washika kamba wakacheka. Mmoja akasema wafu hawali karanga, watapenda pamba. Moniteri hakucheka. "Nipe jina la mutu anayepumua, Mama. Jina lako tu. Niandike, nipite." Alimwomba kweli; sikuona ubaya usoni mwake. Mama akainama, akang'oa jani moja. "Mimi nalima tu," akasema.

Ikaandikwa kwamba konde halina mwenyewe. Kabla ya Jumapili vigingi vilikuwa vimesimama, na mwezi uliofuata Mama alikuwa akipalilia pamba mle mle, mgongo umepinda, bila kuimba. Karanga alizipeleka kilimani penye mawe, zikatoa vikapu viwili. Tulikula mihogo na sombe, yale majani yake, kesho mihogo na sombe, mpaka miguu ya mdogo wangu ikavimba. Alipona, lakini ilibidi ajifunze kutembea upya. Siku moja, akimkanda mtoto yule, Baba alisema kwa sauti ndogo, "Neno moja, Mama Feza. Neno moja tu lilikushinda."

"Ulikuwa umesimama pale," Mama akajibu. "Ungelisema wewe."

Baba akaendelea kumkanda mtoto.

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, nami nimetembea nikikinoa changu. Nimepita arobaini, nimeuza vitenge Salamabila, Kindu na Kalemie, nikilala vyumba vya kupanga. Mali yangu, nasema, juu ya ndoo, kiti, kufuli. Kalemie nina kiwanja chenye hati na mihuri miwili. Kila nikisikia mtu amekisogelea, napanda gari kwenda kukidai, kisha narudi nikiwa hoi. Kinaota nyasi tu. Miaka kumi na moja sasa, na sijapanda pale hata mche mmoja.