Nilivyoinadi Kazi ya Mgeni

Namshukuru Mungu, aliyenifikisha uzee huu na bado ananifunza unyenyekevu.

Jumapili iliyopita wasanii watatu kutoka Uswisi walionyesha kazi zao katika ukumbi wa kanisa letu, Giakanja. Wageni wangekuja kutoka Nyeri baada ya ibada, nami nilikabidhiwa ufunguo, nihakikishe hakuna kinachoguswa.

Msanii wa kwanza alichora ng'ombe wa milimani kwao, ukadhani watakohoa. Wa pili alichora miraba mitupu ya rangi. Niliitazama kwa subira, nikawaambia vijana, "Mungu hakutupa sote jicho la aina moja."

Kazi ya tatu sikuiona. Niliona kabeji, nduma na ndizi zimezunguka mkebe wa maziwa sakafuni, nikajua ni sadaka ya mazao. Mimi ndiye mzee wa kanisa anayenadi sadaka hizo kila Jumapili. Basi nikazitoa nje, nikanadi kwa sauti yangu yote.

"Mzee, hizi kabeji zilikuwa zimepangwa vizuri ajabu," akasema Mama Wangari, akizitia kiondoni.

"Aliyezileta anamheshimu Mungu," nikamjibu.

Ndipo Regula, msanii wa tatu, akafika langoni na wageni wake. Akatazama kile kiondo, kisha akanitazama.

"Mzee, umeuza kazi yangu?"

Nilikuwa nimeinua nduma ya mwisho juu ya kichwa.

"Hii bado," nikasema.

Nawe msomaji, Mungu akujalie kuitambua kazi ya mwenzako kabla hujaipeleka mnadani.